Moto Mpya na Ridhaa ya Watu

Muhula huu neno "nishati" limesikika sana hapa Mkonze, darasani, katika mikutano ya mtaa, na hata gengeni. Kila mtu ana shauri lake. Wengine wasema gesi, wengine wasema umeme, na wengine wasema kuni za babu zatosha. Mwalimu wetu wa jiografia alitutaka tueleze katika gazeti la shule kwa nini jambo ambalo wataalamu waliona jema hukataliwa na watu, na jingine hupokewa upesi bila kuhubiriwa. Nimekusanya habari hizi kadiri ya nguvu zangu, na naziweka mbele ya wasomaji wote, lakini zaidi mbele ya wazazi wetu, kwa kuwa mkutano wao wa muhula ujao utazungumza habari za jiko la shule.

MAANA YA MANENO

Nishati ni nguvu ya kutenda kazi. Kuni zina nishati, maji yaangukayo yana nishati, na jua na upepo pia. Mageuzi ya nishati ni kuhama kutoka kwenye chanzo kinachokwisha au kinachodhuru na kwenda kwenye chanzo kidumucho. Ridhaa ya watu ni kukubali kwao kwa hiari, wakijua wanalolikubali.

Wengi hudhani kwamba mageuzi haya ni kazi ya mafundi tu, na kwamba mtambo ukipatikana mambo yamekwisha. Lakini mtambo husimama juu ya ardhi ya watu, nyaya hupita katika mashamba ya watu, na chakula hupikwa na mtu mwenye mazoea yake. Watu hao wasiporidhika, mtambo huweza kukaa bure, au kazi yake ikaendeshwa kwa ugomvi.

KUNI NA MKAA

Tuanze nyumbani. Dodoma ni nchi kavu. Wastani wa mvua yetu haufiki milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mti uliokatwa hapa hauoti upesi kama ule wa Rungwe au Bukoba. Tena mji umekua. Serikali ilipohamia Dodoma kuanzia 2016, na Dodoma ikawa Jiji 2018, watu waliongezeka, na kila mmoja wao ataka kula. Mkaa wao hutoka porini. Nao mkaa una hasara kubwa: katika tanuri la udongo, kilo 100 za kuni hutoa mkaa wa kilo 10 mpaka 20 tu. Sehemu kubwa ya mti hupotea kabla sufuria haijawekwa motoni.

Kuna na moshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kwa maradhi yaletwayo na moshi wa majumbani. Moshi huo huwapata zaidi akina mama na watoto wadogo, maana ndio wakaao karibu na mafiga.

Je, kwa nini basi tusiache mara moja? Serikali iliwahi kujaribu. Mwezi wa Januari 2006 biashara ya mkaa ilipigwa marufuku. Bei ya mkaa ikapanda, kwa kuwa watu hawakuwa na kitu kingine cha kupikia, na marufuku hiyo haikumaliza mwezi. Hapo twaona jambo la kwanza: amri inaweza kufunga mlango, lakini haiwezi kupika ugali.

Jambo la pili ni kipimo cha malipo. Mkaa huuzwa kwa kopo, kwa sado na kwa ndoo. Mama mwenye fedha kidogo leo hununua kopo moja, na kesho akipata tena hununua jingine. Akijumlisha makopo ya mwezi mzima, huenda yakawa na thamani kuliko gesi. Lakini mtungi wa gesi ukiisha huhitaji fedha zote kwa pamoja, na fedha za kibarua haziji kwa pamoja. Kwa hiyo mtungi hurudi uvunguni, na mafiga yakawashwa tena. Mtu asiyeelewa huyu mama husema kwamba hataki maendeleo. Sivyo; ana hesabu yake, na hesabu hiyo ni sahihi kwa mfuko wake.

Jambo la tatu ni namna ya kupika. Nimewauliza akina mama wa jirani, nao hawakusema habari za mila kwanza kama nilivyotazamia. Walisema kwamba sufuria kubwa ya ugali hutikisika juu ya jiko dogo la mtungi mtu anaposonga. Walisema waogopa mtungi kulipuka, na hakuna aliyewafundisha kukagua mpira. Walisema pia kwamba Juni na Julai, baridi ya Dodoma inapochoma, mafiga hupasha watoto moto. Na mmoja alisema neno ambalo nimelikumbuka sana: anayetoa fedha za kununua jiko siye anayevuta moshi.

Umeme nao una hesabu yake. Vijijini watu waliupokea kwa shangwe, hasa ada ya kuunganishwa ilipowekwa shilingi 27,000. Lakini wengi wautumia kwa taa, simu na redio, wala hawaupikii. Katika bei za TANESCO zilizowekwa 2016, mteja mdogo alilipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti iliyozidi hapo ikawa shilingi 350. Mwenye nyumba aliyejua hivyo aliogopa kupika kwa umeme asije akavuka mpaka. Hata hivyo majiko ya umeme ya presha, yaliyotokea miaka ya karibuni, hupika kilo moja ya maharage kwa chini ya uniti moja. Habari hiyo haijawafikia wengi.

MAJI YA MTERA NA YA RUFIJI

Umeme wetu mwingi hutokana na maji. Bwawa la Mtera, katika Mto Ruaha Mkuu mpakani mwa Dodoma na Iringa, lilijengwa kwanza ili kuweka akiba ya maji kwa mtambo wa Kidatu. Mtambo wake wenyewe, wa megawati 80, ulianza kazi 1988. Watu wa huku walilizoea bwawa hilo upesi, na sababu moja ni samaki wake, ambao huuzwa mpaka sokoni Dodoma. Faida hiyo wanaiona kwa macho.

Lakini maji hutegemea mvua. Mwaka 2006 ukame ulipopunguza maji ya mabwawa, nchi nzima ilipata mgawo wa umeme. Baadaye Serikali ilijenga bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliwashwa 2024, na yote tisa ilikamilika 2025. Kazi hiyo ilipingwa na watetezi wa wanyama, kwa kuwa bwawa liko ndani ya eneo la Selous, lililowekwa katika Urithi wa Dunia tangu 1982. Walioitetea walisema nchi haiwezi kuacha kuni bila kupata umeme mwingi. Kila upande ulikuwa na neno la haki. Basi tujue kwamba hata nishati isiyotoa moshi ina gharama yake, na watu hushindana juu ya nani ailipe.

GESI YA MTWARA

Gesi ya ardhini iligunduliwa Songo Songo 1974, na Mnazi Bay, Mtwara, 1982. Serikali ilipoazimia kujenga bomba la kuipeleka gesi ya Mtwara mpaka Dar es Salaam, wananchi wa Mtwara waliandamana Desemba 2012. Fujo zilitokea Januari 2013, na tena Mei 2013. Watu walipoteza maisha, na nyumba zilichomwa moto. Bomba lilikamilika 2015, lakini majonzi yalikuwa yamekwisha kuingia.

Nataka wasomaji wapime vizuri jambo hili. Watu wa Mtwara hawakuichukia gesi. Walikwisha kuahidiwa viwanda na kazi, nao waliona bomba linapita na ahadi haijatimia. Serikali ilikuwa na hoja yake, kwamba mali ya ardhini ni ya Taifa zima, na hoja hiyo ni ya kweli. Lakini ukweli ulioelezwa baada ya watu kukasirika hausikiki kama ule ulioelezwa mapema.

UPEPO NA MAKAA YA MAWE HUKO KENYA

Mtu aweza kuuliza, "Je, nishati safi ya upepo nani ataikataa?" Huko Kinangop, Kenya, palikusudiwa kujengwa mitambo ya upepo ya megawati 60. Wakulima walibishana na kampuni juu ya ardhi na fidia, wakaandamana, na 2016 mradi ukafutwa. Upepo wenyewe haukuwa na kosa.

Huko Lamu, mambo yalikuwa kinyume. Palikusudiwa kujengwa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 karibu na mji ule wa kale. Wananchi hawakwenda barabarani tu, bali walikwenda mbele ya baraza la sheria la mazingira. Juni 2019 baraza hilo lilifuta kibali cha mradi, na sababu moja kubwa ni kwamba watu hawakushirikishwa ipasavyo. Mradi mchafu na mradi safi vyote viwili vilianguka juu ya swali lilelile: nani aliulizwa, na aliulizwa lini?

Nasi hapa tuna Bahi, magharibi yetu. Wakati kampuni zilipotafuta madini ya urani, ambayo hutumika kama kuni za mitambo ya nyuklia, wakazi walikuwa na hofu juu ya mpunga wao, samaki wao na maji ya mifugo yao. Mtu anayeishi kwa bwawa la Bahi hana budi kuuliza maswali hayo, na ni wajibu wa mwenye elimu kumjibu kwa lugha anayoielewa.

JE, WATU WAACHWE WAKATAE TU?

Baadhi ya wenzangu darasani walisema, "Ukiwasubiri watu waridhike, miti itakwisha." Neno hilo lina uzito. Mwaka 1973 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioitwa HADO, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwa amri katika sehemu za Kondoa zilizoliwa na mmomonyoko. Wenye ng'ombe hawakuifurahia amri hiyo, lakini nyasi na miti ilirudi. Msitu si wa aliye hai leo peke yake; hata mtoto ambaye hajazaliwa ana fungu lake.

Mimi naona hivi. Kukataa kwa watu kusichukuliwe kuwa uasi, wala kusichukuliwe kuwa hukumu ya mwisho. Ni habari. Humwambia kiongozi ni kitu gani kimekosekana: kama ni fedha, au mafunzo, au fungu la faida, au uaminifu. Tazameni paneli ndogo za jua juu ya mabati ya nyumba zetu. Hakuna aliyelazimishwa. Mtu alinunua kadiri ya mfuko wake, akaona taa inawaka usiku uleule, na jirani akaona pia. Kitu kikiwa na faida ya kuonekana, kikauzwa kwa kipimo cha mnunuzi, kikaelezwa na mtu anayeaminiwa, hupokewa.

JIKO LA SHULE YETU

Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024. Tena Mei 2024 ulizinduliwa mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha kwamba kufikia 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi. Sisi tunazidi 100 kwa mbali. Basi wazazi wetu hawataulizwa kama jiko libadilike, bali litabadilikaje. Kwa heshima naomba mkutano utazame mambo haya manne.

Kwanza, wapishi wetu waitwe wakae mkutanini na waulizwe mapema. Wao ndio wajuao makande yanataka moto wa kiasi gani, na sufuria ya ukubwa gani husimama imara. Jiko likinunuliwa bila shauri lao, litakuwa pambo.

Pili, mchango ugawanywe. Mzazi mkulima hana fedha Januari, wakati ghala limepungua na mtoto ataka sare. Baada ya mavuno ana gunia la kuuza. Afadhali atoe kidogo kidogo majira hayo kuliko kudaiwa kwa mkupuo.

Tatu, hesabu ya gesi au umeme ibandikwe ubaoni kila mwezi, kiasi kilichonunuliwa na kiasi kilichobaki. Mzazi akiona, ataamini. Asipoona, atanung'unika, nasi hatuwezi kumlaumu.

Nne, sisi wanafunzi tusingoje wakubwa tu. Maharage na mahindi yakilowekwa usiku huiva kwa moto mdogo, na kazi ya kuloweka twaweza kuifanya kwa zamu. Mafunzo ya kukagua mpira na kufunga mtungi twaweza kuyapata shuleni na kuyapeleka nyumbani kwa mama zetu na bibi zetu. Na hata gesi ikija, miti tuipande na kuimwagilia, maana bado tutahitaji kivuli, mvua na udongo.

Nchi haigeuzwi kwa mtambo peke yake. Wazazi wakitoka mkutanini wanajua walichokubali, na kwa nini wamekubali, na fedha zao zinakwenda wapi, moto mpya utawaka na kuendelea kuwaka.