Pensheni ya dola, akaunti ya shilingi: Mmarekani wa ng'ambo na kikomo cha dola 10,000

Mstaafu wa Kimarekani anayeishi Nairobi, Arusha au Lisbon hulipwa mafao yake ya Hifadhi ya Jamii kama mwenzake aliyebaki Chicago. Fedha hizo humfuata raia karibu kila mahali duniani, isipokuwa Cuba na Korea Kaskazini, ambako Hazina ya Marekani hairuhusu malipo kupelekwa. Kinachowaponza wengi si kulipwa, bali ni akaunti ambazo fedha hizo hupitia.

Sheria yenyewe ni ya mwaka 1970. Raia au mkazi wa kudumu wa Marekani mwenye akaunti nje ya nchi hiyo, ambazo jumla yake ilizidi dola 10,000 wakati wowote katika mwaka, hutakiwa kutoa taarifa kwa FinCEN, idara ya Hazina inayofuatilia uhalifu wa fedha. Taarifa hiyo, ijulikanayo kama FBAR, si kodi na haipelekwi pamoja na fomu za kodi. Neno la kuangalia hapo ni "jumla". Mwenye dola 4,000 katika akaunti ya fedha za kigeni, shilingi zenye thamani ya dola 5,000 katika akaunti ya akiba na dola 1,500 katika akaunti ya muda maalumu amekwishavuka kikomo, hata ikiwa ni kwa siku moja tu. Akaunti ya pamoja na mke huhesabiwa. Hata ya kanisa au ya kikundi cha kusaidiana huhesabiwa iwapo yeye ni mmoja wa waweka sahihi, ingawa humo hana hata senti yake.

Gharama ya kutojua ilionekana katika kesi ya Alexandru Bittner, mzaliwa wa Romania aliyepata uraia wa Marekani, kisha akarudi kwao mwaka 1990 kufanya biashara. Hakujua habari za taarifa hiyo hadi mwaka 2011. Serikali ilimtoza faini ya dola 10,000 kwa kila akaunti katika kila mwaka, na kwa miaka mitano hesabu ilifika akaunti 272, yaani dola milioni 2.72. Februari 2023 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, iliamua kuwa faini ya asiyekusudia kosa huhesabiwa kwa kila taarifa, si kwa kila akaunti. Deni likashuka hadi dola 50,000. Hata hizo si fedha ndogo kwa mtu ambaye hakukusudia kuficha kitu.

Wakenya waliopata uraia wa Marekani na kurudi nyumbani, ambao Katiba ya mwaka 2010 inawaruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili, wamo katika kundi hilo hilo. Ipo njia ya kujisahihisha: aishiye ng'ambo aliyekosa bila kukusudia anaweza kupeleka fomu za kodi za miaka mitatu na FBAR za miaka sita bila faini. Lakini awahi kabla mamlaka ya kodi, IRS, haijaanza kumchunguza.

Kukaa kimya hakusaidii tena. Tangu sheria ya FATCA ya mwaka 2010, benki za nje zisizotoa taarifa za wateja wa Kimarekani hukatwa asilimia 30 ya malipo fulani yatokayo Marekani. Ndiyo sababu karani wa benki humwuliza mteja alikozaliwa na kumpa fomu W-9. Baadhi ya benki za Ulaya zimeona ni nafuu kuwakataa wateja hao kabisa.

Upande wa Marekani nako mambo si mepesi. Benki za huko hutakiwa kujua mahali mteja anapoishi hasa, na sanduku la posta halitoshi. Baadhi hufunga akaunti zikigundua kuwa mteja amehama. Wapo wanaotumia anwani ya binamu, jambo linaloweza kuwatia matatani siku benki itakapotaka uthibitisho. Aidha namba za siri za kuingilia kwenye akaunti hutumwa mara nyingi kwa simu ya Marekani, na mstaafu aliyeiacha laini yake ikafa hubaki nje ya akaunti yake mwenyewe. Ni busara kumalizana na benki kuhusu hayo kabla ya kupanda ndege.

Ipo pia fomu SSA-7162, dodoso la kuthibitisha kwamba mpokeaji yu hai na anastahili kulipwa. Asiyeirejesha husimamishiwa malipo. Kwa anayetegemea posta, ukimya wa barua ni sababu ya kuuliza ubalozini.

Kuhusu kodi, msamaha wa mapato ya kazi za ng'ambo hauhusu pensheni, na Marekani haina mkataba wa kuepusha kodi mbili na Kenya wala Tanzania. Habari njema ni kwamba sheria iliyosainiwa Januari 5, 2025 imefuta kanuni iliyowapunguzia mafao ya Marekani baadhi ya wenye pensheni ya nchi nyingine.

Linabaki suala la bei ya dola. Chukua mfano wa mstaafu wa Arusha anayepokea dola 1,500 kwa mwezi. Benki ikinunua kila dola kwa shilingi 30 pungufu ya benki ya jirani, anapoteza shilingi 45,000 kwa mwezi, au 540,000 kwa mwaka, kabla ya ada ya uhamisho. Wanaoishi ng'ambo hulipwa tarehe 3 ya mwezi, na mteja aletaye dola kila mwezi ana haki ya kuomba bei maalumu. FBAR hutakiwa ifikapo Aprili 15, na muda husogezwa wenyewe hadi Oktoba 15.