Matembezi ya hisani: Hatua za leo, kinga ya watoto wa kesho

Kila aliyejaaliwa kwenda Makka anakumbuka kwamba kabla ya kukunja ihramu na kuitia sandukuni, hutangulia sindano. Hujaji hadaiwi pasipoti na viza peke yake, bali hudaiwa pia cheti cha chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Agizo hilo halikuja bure. Mwaka 1987 maradhi hayo yalizuka miongoni mwa mahujaji, na mwaka 2000 na 2001 yakazuka tena kwa aina nyingine ya bakteria, ndipo Saudi Arabia ikataka chanjo yenye kukinga aina nne. Wengi wetu tumechanjwa, tukahiji na tukarejea salama, lakini ni wachache waliojiuliza chanjo huzaliwa vipi, na nani hugharimia elimu inayoizaa.

Ama kwa hakika, chanjo huzaliwa na utafiti, na utafiti unahitaji fedha na subira ya miaka mingi. Wapo walioamua kuuchangia kwa miguu yao.

Mji wa mabonde matano

Kusini-magharibi mwa Uingereza, mkoani Gloucestershire, upo mji mdogo wa Stroud, uliopata kusifika kwa viwanda vya nguo za sufu. Mji huo umezungukwa na vilima na mabonde matano. Katika miaka ya 1980 homa ya uti wa mgongo iliingia humo, ikashika watoto na vijana. Wazazi walioguswa na msiba huo hawakukaa na majonzi tu. Mwaka 1986 ilianzishwa hapo jumuiya iliyoitwa Meningitis Trust, ya kuwasaidia wagonjwa na familia zao.

Kwa miaka mingi wakazi wa mji huo walikuwa wakifanya matembezi ya hisani kuyazunguka mabonde yote matano, mwendo wa maili 21, yaani takriban kilomita 34 za kupanda na kushuka. Desturi ya matembezi ya namna hii ni kwamba kila mtembeaji huwaomba jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake waahidi mchango, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Asiyeweza safari nzima hutembea sehemu yake.

Mwaka 2013 jumuiya hiyo iliungana na nyingine, Meningitis UK, iliyoasisiwa na Steve Dayman, baba aliyempoteza mwanawe Spencer, mtoto wa miezi 14, kwa maradhi hayo hayo mwaka 1982. Zikawa kitu kimoja kiitwacho Meningitis Now, ambacho pamoja na kuzisaidia familia hugharimia utafiti.

Subira yenye matunda

Aina ya bakteria iitwayo B iliwasumbua wataalamu muda mrefu. Ganda lake linafanana na chembe zilizomo katika mwili wa binadamu, hivyo mwili hauutambui upesi uadui wake. Ilibidi wanasayansi wausome urithi wote wa bakteria huyo, kazi iliyochapishwa mwaka 2000, ndipo wapate pa kumshambulia. Septemba 2015 Uingereza ikaanza kuwachanja watoto wachanga. Baada ya miaka mitatu, wagonjwa wa aina hiyo miongoni mwa watoto wa umri uliolengwa walikuwa wamepungua kwa asilimia 75.

Si haki kusema kwamba michango ya watembeaji peke yake ndiyo iliyoleta chanjo hiyo, kwani vyuo vikuu, makampuni na serikali walishiriki. Hata hivyo, kuanzia mwaka 1986 hadi 2015 ni miaka 29. Wengi waliotoa wakati ule walitoa kwa ajili ya watoto ambao hawakuwa wamezaliwa.

Matunda ya utafiti yamefika kwetu pia. Mwaka 2001 Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya bakteria aitwaye Hib, mmoja wa waletao homa ya uti wa mgongo. Watafiti waliofuatilia hali hiyo Kilifi walikuta, katika mwaka 2004 na 2005, kuwa ugonjwa huo umepungua kwa asilimia 88 kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Mama aliyeketi kliniki na kadi mkononi anaivuna mbegu iliyopandwa na watu asiowajua.

Wajibu wetu

Ndugu Waislamu, tumezoea kuchangia msikiti, kisima na futari, na hayo ni mema makubwa. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kuwa elimu yenye manufaa ni miongoni mwa mambo ambayo thawabu zake hazikatiki baada ya mtu kufa. Utafiti unaookoa watoto ni elimu ya namna hiyo. Madrasa, shule na jumuiya zetu zinaweza kuandaa matembezi kama hayo, mradi hesabu ziwekwe wazi na amana ifike inakokusudiwa.

Na kuna lisilosubiri mchango. Mtoto akipata homa kali, shingo ikakakamaa, akatapika, akaukimbia mwanga au akashikwa na degedege. Na mchanga akikataa ziwa, akalegea au utosi ukavimba, apelekwe hospitali saa ile ile. Wapo wanaosema ni upepo, wakaanza kwa mganga, na maradhi haya huweza kuua kwa muda wa saa chache. Dua isomwe, naam, lakini isomwe njiani kuelekea kwa daktari.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, na azikubali hatua za kila anayetembea kwa ajili yao. Amin.