Nani Anapelekewa Habari za Kazi Yenu?

Mteja akilipa kwa M-Pesa katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Oyugis, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kisii, muuzaji husubiri simu ilie ndipo amkabidhi saruji yake. Duka lenye mfumo wake wa kompyuta halihitaji hata mlio huo. Kupitia jukwaa la Daraja, Safaricom huipelekea seva ya duka taarifa moja kwa moja: kiasi kilicholipwa, saa, nambari ya muamala. Sharti ni mwenye duka asajili mapema anwani mbili za intaneti, moja ya kuuliza kama malipo yakubaliwe na nyingine ya kupokea habari kwamba yamekamilika.

Utaratibu huu wa mfumo mmoja kuuarifu mwingine pindi jambo linapotokea huitwa webuhuku. Jina lenyewe lilibuniwa na msanidi programu Jeff Lindsay mwaka 2007, mwaka uleule M-Pesa ilipozinduliwa Kenya. Bila webuhuku, programu hulazimika kuulizauliza kila baada ya muda kama kuna jipya, na mara nyingi huambiwa hakuna.

Fedha zikikosa kufika, mtu hupiga kelele siku hiyohiyo. Habari za kazi za ofisi hazina mlinzi wa namna hiyo. Tuseme kuna kikundi cha wakulima wa viazi vitamu upande wa Kabondo kinachopanga shughuli zake kwenye programu ya kupangia kazi iitwayo ClickUp: lori litafika lini, nani anadaiwa mbegu, mkutano ni wa wapi. Kijana anayejua kompyuta anaunganisha webuhuku ili kila kazi ikibadilika, wanachama wapate ujumbe mfupi. Mwaka unaofuata kijana amepata ajira Nairobi. Anwani aliyoisajili imebaki palepale, na kila badiliko linaendelea kutumwa huko, pamoja na maelezo ya jinsi kazi ilivyokuwa kabla na ilivyo sasa. (Asana, mshindani wa ClickUp, ni mchache wa maneno: hutuma nambari ya kazi, kilichotendeka na aliyekitenda, kisha mpokeaji akitaka zaidi aende akaulize mwenyewe.)

Kabla ya kurekebisha chochote, basi, kikundi kinahitaji orodha ya webuhuku zote zilizomo katika eneo lake la kazi. Zamani hiyo ilikuwa shughuli ya msanidi programu. Siku hizi mwenyekiti anaweza kumwandikia wakala wa akili unde kwa Kiswahili cha kawaida: nionyeshe webuhuku zetu. Njia hiyo ilirahisishwa zaidi Novemba 2024, kampuni ya Anthropic ilipotoa kanuni huria iitwayo MCP, ambayo huziwezesha modeli za lugha kutumia zana za nje kwa utaratibu mmoja.

Modeli yenyewe haiingii ClickUp. Imepewa maelezo ya zana iliyopo, nayo huandika ombi lenye jina la zana hiyo na nambari ya eneo la kazi. Programu ya kati hulichukua ombi, huambatanisha ufunguo wa siri wa mtumiaji, hulituma, kisha huleta jibu. Kila webuhuku huja na kitambulisho chake, anwani inayopokea, matukio inayoyafuatilia na hali yake ya afya. ClickUp huhesabu mara ambazo anwani imeshindwa kupokea. Hesabu ikifika 100, webuhuku husimamishwa lakini hubaki kwenye orodha. Asana haina subira hiyo: ujumbe usipopokelewa kwa saa 24, webuhuku hufutwa kabisa.

Mtego uko kwenye ufunguo. ClickUp hurudisha webuhuku zilizoundwa na mtumiaji ambaye ufunguo wake umetumika. Asana nayo huonyesha zile tu ambazo programu husika imezisajili kwa niaba ya mtumiaji huyo. Mwenyekiti akiuliza kwa ufunguo wake, ile webuhuku ya kijana haitatokea. Orodha itarudi tupu, na wakala, kwa ufasaha wake wote, atajibu kwamba hakuna webuhuku. Hajadanganya kuhusu alichokiona, ila amejibu swali pana kuliko lile aliloiuliza ClickUp. Jibu la haki lingesema kwamba kwa ufunguo huu, katika eneo hili la kazi, hakuna iliyopatikana. Tofauti ya maneno hayo machache ni kubwa kwa kikundi chenye nambari za simu za wakulima ndani ya kazi zake, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 humwajibisha anayezihifadhi.

Kusoma orodha hakuharibu kitu. Lakini ufunguo binafsi wa ClickUp hubeba mamlaka ya mwenyewe, na unaosoma ndio huohuo unaofuta. Ni busara zana za kufuta zisiwekwe mikononi mwa wakala aliyetumwa kukagua tu.

Kwa hiyo ukaguzi wa kweli huanza na watu: ni nani amewahi kuunganisha programu yoyote kwenye akaunti ya kikundi? Kila mmoja wao aombe orodha kwa ufunguo wake, kisha majibu yawekwe pamoja na anwani zisomwe moja moja. Yenye jina la ngrok itazamwe mwanzo. Wasanidi huitumia kuifungulia kompyuta yao njia ya muda wanapofanya majaribio, na ikiwa bado inapokea habari za lori na mbegu, yaelekea majaribio hayo hayakufungwa.