Mwalimu wa Historia Aliyesubiri Miaka 15

Mwezi huu ukurasa wa michezo unaacha kandanda pembeni. Tunawaletea mpira wa magongo, na habari za mwanamke mmoja wa Wales, Leah Wilkinson.

Magongo ndiyo nini? Ni watu 11 kwa 11, kama kandanda, ila kila mmoja ana gongo lililopinda mwishoni, na mpira wenyewe ni mdogo na mgumu kama jiwe. Kuugusa kwa mguu ni kosa, isipokuwa kwa golikipa. Tena huwezi kufunga kutoka mbali: lazima mpira uguswe na mshambuliaji ndani ya ile nusu duara iliyo mbele ya goli. Wazee wetu waliopitia Kenya huenda wanaukumbuka, maana Kenya ilikwenda nao Olimpiki tangu 1956.

Sasa, Wales. Ni nchi ndogo, watu wake ni kama milioni 3, na iko ndani ya dola ya Uingereza pamoja na England, Scotland na Ireland ya Kaskazini. Kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola inapeleka timu yake, na jezi yake nyekundu. Lakini kwenye Olimpiki hakuna timu ya Wales. Kuna timu moja tu ya Uingereza nzima, nafasi hazifiki ishirini, na England yenye watu wengi ndiyo huchukua karibu zote. Mtoto wa Wales akiota Olimpiki, anaota kwa jezi isiyo ya kwao.

Hapo sisi wa kambini tunaelewa haraka, si ndiyo? Tangu Rio 2016 kuna timu ya wakimbizi kwenye Olimpiki, na watano kati ya wale 10 wa mwanzo walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma. Ila mpaka Paris 2024 timu hiyo ilikuwa ya mchezaji mmoja mmoja: riadha, judo, kuogelea na mingine ya namna hiyo. Magongo hapana.

Leah aliichezea Wales kwa mara ya kwanza mwaka 2004, akiwa na miaka 17. Akaendelea. Mechi zikapita 100, hadi akawa mchezaji aliyeichezea Wales mara nyingi kuliko wote. Na mkate wake? Alikuwa mwalimu wa historia. Chaki mkononi, gongo kwenye begi. Mwaka 2012 wanawake wa Uingereza walichukua shaba ya magongo mjini London, Leah hakuwemo. Mwaka 2016 wakachukua dhahabu Rio, hakuwemo pia. Vijana wetu wa miaka 22 wanatuambia eti umri umeshapita. Yeye mwaka ule wa Rio alikuwa na 29.

Aprili 2018, kule Gold Coast, Australia, Wales iliifunga India 3-2 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. India, jamani! Kwa Wales hiyo haikuwa mechi ya kawaida.

Mwaka 2019, miaka 15 baada ya mechi yake ya kwanza, ndipo akaitwa kwenye kikosi cha Uingereza. Akaacha kufundisha. Kuacha mshahara kwa ajili ya mchezo katika umri huo si jambo la kucheka, na wazazi wanaosoma hapa wanajua tunasema nini. Halafu korona ikaja, Olimpiki ya 2020 ikasogezwa mwaka mzima. Kusubiri juu ya kusubiri.

Tokyo ilipofika, 2021, Leah alikuwa na miaka 34. Kikosini kulikuwa na mwenzake mmoja wa Wales, Sarah Jones. Robo fainali Uingereza ilitoka 2-2 na Hispania, ikapita kwa mikwaju, golikipa Maddie Hinch akiizuia yote minne. Nusu fainali Uholanzi ikawapiga 5-1, kipigo cha aibu. Ikabaki mechi ya shaba, tarehe 6 Agosti, na mpinzani ni nani? India tena.

Uingereza ikaongoza 2-0. Ndani ya dakika tano tu India ikarudisha yote na kuongeza la tatu, magoli mawili yakiwa ya Gurjit Kaur. Mapumziko 3-2 kwa India. Kipindi cha pili nahodha Hollie Pearne-Webb akasawazisha, na dakika ya 48 Grace Balsdon akafunga kwa kona ya adhabu. 4-3.

Viti vya uwanja vilikuwa vitupu kwa sababu ya korona. Familia za wachezaji zilitazama kwenye televisheni huko kwao, na kwa saa za Wales ilikuwa usiku wa manane.