Utamaduni: Wakati maagizo kwenye karatasi yanageuka muziki

Mwanamke amepiga magoti jukwaani, amevaa nguo nzuri. Mbele yake kuna makasi. Watazamaji wanaombwa kupanda mmoja mmoja, kukata kipande cha nguo yake na kwenda nacho. Yeye anakaa kimya.

Huyo ni msanii Yoko Ono, mzaliwa wa Japani. Onyesho hilo, Cut Piece, lilifanyika mara ya kwanza mjini Kyoto mwezi wa saba 1964. Hakukuwa gitaa wala ngoma. Kulikuwa tu maagizo mafupi yanayoeleza nini kifanyike, sawa vile noti za muziki zinamwongoza mpiga piano. Mwaka huo huo Ono alichapisha mjini Tokyo kitabu cha maagizo ya namna hiyo, Grapefruit, nakala 500.

Wengine walikuwa wamefungua njia. Mwaka wa 1952, huko Woodstock, Marekani, David Tudor alikaa mbele ya piano dakika 4 na sekunde 33 bila kupiga hata noti moja. John Cage, mtunzi wa kazi hiyo, alitaka watu wasikilize sauti zinazowazunguka. Kisha George Brecht akaandika maagizo kwenye kadi ndogo; kadi moja inaomba maji yadondoke ndani ya chombo kitupu. Mwaka wa 1962, mjini London, Alison Knowles alitengeneza saladi mbele ya watu. Hilo ndilo lilikuwa agizo lote.

Faida inaeleweka: asiyejua noti, asiye na pesa ya kununua gitaa, anaweza kuzicheza kazi hizo. Anahitaji tu kusoma, ao kusomewa.

Ila maneno machache yanamwachia mtekelezaji mzigo mkubwa. Agizo la Ono lilisema kipande kidogo, ila halikueleza kidogo ni kiasi gani. Mjini New York, mwaka wa 1965, wengine walikata kipande kidogo tu. Kijana mmoja aliendelea mpaka kamba za sidiria, na filamu ya ndugu Maysles inamuonyesha Ono akifunika kifua kwa mikono. Wote walipewa ruhusa moja. Kila mmoja alijichagulia mwisho wake.

Mwaka wa 2003, mjini Paris, Ono akiwa na miaka 70, alirudilia onyesho hilo kwa ajili ya amani. Safari hii aliongeza ombi moja: kila aliyekata amtumie mtu anayempenda kipande hicho.