Wiki Darasani: Ukurasa Mmoja, Waandishi Wengi

Mkazi anayetafuta jina la kata yake katika Wikipedia ya Kiswahili mara nyingi hukuta mistari michache tu: jina la kata, wilaya na mkoa, namba ya postikodi, na idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa. Asili ya jina la kata haimo, wala mito, mazao na historia ya shule zake. Pengo hilo linaweza kuanza kuzibwa na wanafunzi wetu wenyewe wakiwa darasani, kwa kutumia chombo kiitwacho wiki.

Wiki ni nini?

Neno hili halihusiani na wiki ya siku saba. Limetoka katika lugha ya Kihawaii, likiwa na maana ya "haraka", na lilichaguliwa na Mmarekani Ward Cunningham alipoanzisha tovuti ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1995. Wiki ni mkusanyiko wa kurasa za kompyuta ambazo wasomaji wake wanaweza pia kuziandika, kuzisahihisha na kuziongezea. Inayofahamika zaidi ni Wikipedia, iliyoanzishwa mwaka 2001. Toleo lake la Kiswahili lilianza mwaka 2003 na huandikwa na watu wanaojitolea.

Inavyofanya kazi

Tuseme wanafunzi wa Kidato cha Pili wamepewa kazi ya Jiografia kuhusu vyanzo vya maji vya kata. Kwa mazoea, kazi ya kikundi huandikwa na mmoja, na wengine huongeza majina yao tu. Katika wiki, kila mwanafunzi huingia kwa utambulisho wake. Kundi moja huandika kuhusu chemchemi, jingine visima, jingine maji ya bomba. Kisha kila kundi husoma na kusahihisha kazi ya wenzake.

Mfumo hutunza kumbukumbu ya kila badiliko: limefanywa na nani, lini, na ni maneno gani yaliyoongezwa au kufutwa. Hivyo mwalimu huona mchango wa kila mmoja, na maandishi yaliyofutwa kimakosa hurejeshwa. Kila ukurasa pia una sehemu ya majadiliano. Mwanafunzi mmoja akiandika kwamba kisima hukauka mwezi Agosti na mwingine akasema Oktoba, kila mmoja hutakiwa kueleza amepata wapi taarifa hiyo. Ikibidi, wote wawili hurudi kuwauliza wanaochota maji pale. Hapo ndipo penye faida kubwa ya wiki: mwanafunzi huzoea kutoa ushahidi wa anachoandika, na kukubali kusahihishwa.

Tahadhari

Wikipedia huweza kuhaririwa na mtu yeyote, hivyo mwanafunzi aichukulie kuwa mahali pa kuanzia utafiti, kisha ahakikishe taarifa katika vitabu na nyaraka rasmi. Aidha, Wikipedia hutaka taarifa zinazothibitishwa na machapisho. Simulizi za wazee zihifadhiwe kwanza katika wiki ya darasa, pamoja na maelezo ya namna zilivyopatikana.

Kuhusu usalama, majina kamili ya watoto, picha zao na namba za simu za familia zisiwekwe hadharani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawalinda watoto kama inavyowalinda watu wazima. Wiki ya darasa inaweza kufungwa ili isomwe na wanafunzi na walimu wao pekee.

Shule zisizo na intaneti

Programu ya Kiwix huwezesha kuhifadhi nakala ya Wikipedia katika kompyuta na kuisoma bila intaneti. MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, pamoja na DokuWiki, hupatikana bila malipo. Zinaweza kuwekwa katika kompyuta moja, na nyingine za shule zikaunganishwa nayo bila kununua kifurushi. Pasipo kompyuta kabisa, karatasi kubwa ukutani na kalamu za rangi tofauti, rangi moja kwa kila kundi, hutosha kufundisha utaratibu uleule.

Nafasi ya mzazi na mkazi

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwanafunzi akibisha hodi kuuliza kilima kile kiliitwaje zamani, au kisima kilichimbwa lini, apewe muda na ajibiwe. Mwenye barua, ramani au picha za zamani za kata anaombwa kuruhusu zinakiliwe. Mkazi asiyejua jibu amwelekeze mtoto kwa anayejua, kwa kuwa mengi ya kata zetu hayajaandikwa popote, na wanaoyakumbuka wanazidi kupungua.

Wazazi wenye maswali kuhusu matumizi ya wiki katika masomo wanashauriwa kuwasiliana na Mkuu wa Shule husika au Afisa Elimu Kata.