Je, Wajua? Zaburi ya 19 Humtaja Mungu kwa Namna Mbili

Mistari sita ya kwanza ya Zaburi ya 19 inatazama juu: anga, mchana na usiku, jua likichomoza kama bwana arusi. Katika Kiebrania, Mungu anatajwa humo mara moja tu, kwa jina la jumla. Kuanzia mstari wa 7 inasifiwa sheria ya Mungu, na jina lake mwenyewe, ambalo Biblia ya Union Version huliandika BWANA, linatokea mara 7. Badiliko hilo lina uzito: kwa Wakristo, uumbaji huonyesha uweza wa Mungu; Maandiko humtambulisha kwa jina. Kuhusu uumbaji huo, mwaka 1561 mchungaji Guido de Brès aliulinganisha ulimwengu na kitabu kizuri, ambacho herufi zake ni viumbe, wakubwa kwa wadogo.